Haidra wako wanakufa? Yaulize maji kwanza

Kila mwaka mvua zikishakatika, mwezi wa tano kuelekea wa sita, simu yangu huanza kulia. Mwalimu wa Biolojia yuko Tukuyu, haidra wake wamegeuka ute. Mwanafunzi wa kidato cha sita yuko Mafinga, amekesha na hadubini na hajaona kitu. Mfugaji wa kambale naye anauliza vile vinyuzi vyeupe vilivyonata kwenye kuta za tangi lake ni ugonjwa au uchafu. Mimi ni fundi wa maabara ya shule hapa Mbeya. Haidra ninawafuga dirishani kwenye chupa za jemu, na kwa kuwa maswali ni yale yale, nimeamua kuyaandika majibu mahali pamoja.

Kwa asiyemjua: haidra ni mnyama wa maji yasiyo na chumvi, urefu wake milimita chache, akijinyoosha sana anafika sentimita moja na ushee. Ana mguu wa kujishikiza, mwili kama uzi, na mdomo uliozungukwa na minyiri, yaani vinyuzi vya kukamatia windo. Ukoo wake ni wanyama-upupu, wale wale akina yavuyavu (wavuvi wengine humwita konyeza), matumbawe na anemoni wa baharini. Jina limewakaa, maana wote wana seli zenye mshale mdogo uliokunjwa ndani, ukiguswa unafyatuka. Wa haidra hufyatuka kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Sisi tulioko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam hatuna mwamba wa matumbawe wa kupeleka darasa zima, lakini huyu ndugu mdogo hahitaji nauli.

Kabla ya dalili yoyote, shika jambo moja. Mwili wa haidra ni tabaka mbili tu za seli na utando mwembamba katikati. Hana ngozi ya kumkinga, hana damu, hana figo, na mdomo anaolia ndio anaotolea taka. Karibu kila seli yake inagusa maji, kwa hiyo kilichomo kwenye maji kimo ndani yake. Ndiyo maana sina dawa ya haidra ya kukutajia. Nina maswali ya kuyauliza maji.

Tena uwe na chupa ya shahidi. Ni glasi safi yenye maji ya kunywa ya dukani (angalia lebo, iwe inataja kalsiamu) na haidra wawili watatu ndani, ikae mbali na zile nyingine. Kila tatizo likitokea, hamishia wagonjwa wawili kwenye maji ya aina hiyo hiyo. Wakijinyoosha ndani ya siku moja, kosa ni la maji yako. Wasipojinyoosha, endelea kusoma.

## "Nimechota maji bwawani, sioni haidra hata mmoja"

Mara nyingi wapo. Umewatafuta mapema mno. Haidra akitikiswa anajikunja anakuwa kama punje ya mchanga, na maji yaliyotoka kwenye ndoo juu ya pikipiki yametikiswa vya kutosha. Weka majani uliyochota kwenye chupa ya kioo, ijaze maji ya hapo hapo, iache dirishani bila kuigusa hadi kesho yake asubuhi. Halafu angalia upande unaopata mwanga, kwenye kioo chenyewe na chini ya majani. Wengi hupenda kujikusanya kwenye mwanga. Huhitaji hadubini, lenzi ya mkononi inatosha.

Sababu ya pili ni kuchota maji badala ya majani. Haidra haogelei ovyo katikati ya maji, anashika kitu. Chota magugumaji, majani yaliyozama na vijiti, kutoka sehemu tulivu yenye maji maangavu. Mto unaokwenda kasi au dimbwi la tope la kunyweshea ng'ombe litakupotezea muda.

Ya tatu, msimu. Wakati wa masika maji yanakuwa machafu na yanakokota kila kitu. Mimi hupata wengi baada ya mvua kutulia.

Tahadhari hapa si ya haidra, ni yako. Maji tulivu yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, hasa ukishuka Kyela au Usangu. Vaa gambuti na glavu ndefu, usiwaingize wanafunzi majini, na mahali penye viboko au mamba waulize wenyeji kabla hujakanyaga ukingo. Mwanafunzi aliyeingia majini kisha baada ya wiki kadhaa akaona damu kwenye mkojo, mpeleke zahanati.

Kuna swali dogo linalokuja na hili, kutoka kwa wanaosafiri hadi Kasanga, mkoani Rukwa: "Nimeona yavuyavu Ziwa Tanganyika, au macho yangu?" Macho yako ni mazima. Ziwa Tanganyika lina yavuyavu wa kweli wa maji yasiyo na chumvi, mdogo wa ukubwa wa sarafu, anayeitwa *Limnocnida tanganyicae*. Wazungu walimwona mwaka 1883, na mtafiti Mwingereza J. E. S. Moore akajenga juu yake hoja kwamba ziwa lile zamani lilikuwa mkono wa bahari. Hoja ilikuja kuanguka, yavuyavu akabaki. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na haidra kuliko na yavuyavu wakubwa wa Bahari ya Hindi.

## "Amejikunja kama kidonge, hafunguki"

Subiri nusu saa. Nasema kweli, nusu ya simu za aina hii huishia hapo. Meza imegongwa, chupa imehamishwa, au taa ya hadubini imewashwa ghafla.

Kama nusu saa imepita, pima joto la maji. Haidra hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 22 hivi. Asubuhi ya Julai Njombe au Mbeya, chupa iliyolala kwenye dirisha la chuma inakuwa baridi kweli kweli, na haidra anakuwa mzito kwa kila kitu. Isogeze ndani, mbali na kioo, iache ipate joto polepole. Usiiweke juu ya jiko wala usiongeze maji ya moto, utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Joto likiwa sawa na bado amejikunja, nenda kwenye dalili inayofuata, kwa sababu huenda ndiyo inaanza.

## "Minyiri inafupika, mwili unamomonyoka"

Hili ndilo tatizo kubwa. Lisome taratibu.

Haidra hafi ghafla, huaga kwa hatua, na hatua hizo zinasomeka kwa macho. Kwanza ncha za minyiri huvimba, zinakuwa kama virungu vidogo. Kisha minyiri yenyewe hufupika na mwili kusinyaa. Hatua ya tatu anakuwa kama ua lililogoma kufunguka, kikombe kifupi chenye vijinundu mdomoni. Mwisho humomonyoka, unakuta wingu la ute chini ya chupa. Katika hatua mbili za kwanza anarudi vizuri ukimbadilishia maji leo hii, si kesho. Hatua ya tatu sijawahi kumrudisha hata mmoja.

Sababu, kwa mpangilio wa mara ninazokutana nazo:

Chakula kilichooza. Huyu ndiye muuaji namba moja. Mtu anamwaga viroboto-maji (vile vinyama vidogo vya majini vinavyorukaruka) hamsini kwa haidra kumi, arobaini wanakufa na kuoza. Nusa chupa. Ikitoa harufu yoyote, jibu umelipata. Lisha kidogo mara mbili au tatu kwa wiki, na saa chache baada ya kula ondoa mabaki kwa dropa kisha badilisha maji. Mara kwa mara futa na ule utelezi wa kwenye kioo.

Klorini. Maji ya bomba yanatiwa dawa, na hata yale ya kisima huenda mtu wa bweni ameyatia dawa ya kutibu maji bila kukwambia. Acha ndoo wazi siku moja hadi mbili. Kama una haraka, maabara ya kemia ina sodiamu thiosulfeti. Punje mbili tatu ndogo kwenye ndoo ya lita 20, koroga, klorini imekwisha. Mwalimu wa kemia atakutazama kwa jicho la pembeni, mwambie hutarudi kuomba nyingine mwaka huu.

Maji ya bati. Hii iliniumiza kichwa miaka miwili. Huku kwetu mvua si haba, na kila shule ina tangi linalopokea maji ya paa, kwa hiyo mtu anadhani maji ya mvua ndiyo masafi kuliko yote. Yana kasoro mbili. Bati la mabati lina zinki, na mvua huikwangua polepole. Mimi na wewe tunakunywa hayo maji na hatudhuriki, haidra kiasi kidogo tu cha zinki kinamfupisha minyiri. La pili, maji ya mvua hayana kalsiamu ya maana, na bila kalsiamu seli za haidra hazishikani vizuri. Kwa hiyo hata ukikinga mvua kwenye beseni katikati ya uwanja, haidra hatadumu humo mpaka uongeze madini. Mchanganyiko ninaotumia: lita moja ya maji safi, gramu 0.1 ya kalsiamu kloraidi na gramu 0.1 ya sodiamu baikaboneti. Mizani ya maabara inapima hayo bila shida.

Shaba. Mbozi na Rungwe ni nchi ya kahawa, na kahawa hupuliziwa dawa zenye shaba dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Ndoo iliyowahi kuchanganyia dawa ya shamba haioshiki ikatosha haidra. Mwalimu mmoja aliniapia ameisugua mara nne kwa sabuni, na sabuni nayo haidra haimpendi. Mrututu, ile chumvi ya buluu, ni shaba vilevile. Hata bomba la shaba au koki ya zamani inatosha: yale maji yaliyolala kwenye bomba usiku kucha ndiyo mabaya zaidi, acha yamwagike kwanza. Chombo cha haidra kiwe cha haidra tu, kiandike jina.

Dawa ya mbu na mafuta ya mikono. Mlinzi amepulizia maabara Ijumaa, Jumatatu hakuna haidra. Funika chupa, au zihamishe kabla.

Usijaribu kurekebisha mambo matano kwa mkupuo. Ukibadilisha maji, chombo, chakula na dirisha siku moja, haidra watapona na hutajua kilichokuwa kinawaua, na mwezi ujao utanipigia tena.

## "Hawali"

Chakula kimekufa. Haidra huhisi mtikisiko, mshale ukimtoboa windo, majimaji yanayovuja yana kemikali iitwayo glutathioni, na hiyo ndiyo inayomfungua mdomo. Chakula cha samaki cha unga hakimwambii kitu, kinachafua maji tu. Kiini cha yai ni vivyo hivyo.

Chakula ni kikubwa kumzidi. Kiroboto-maji mzima anaweza kumburuta haidra mchanga. Chuja kwa kitambaa cha chandarua upate wadogo. Viluwiluwi vya mbu vilivyototolewa leo vinafaa, ila funika chombo, usije ukafuga malaria shuleni.

Ameshiba. Haidra aliyekula jana ana tumbo nene na minyiri iliyolegea. Mwache.

## "Nimemkata vipande viwili kwa ajili ya somo, vyote vimekufa"

Zoezi hili lina umri mkubwa. Abraham Trembley, Mswisi aliyekuwa akifundisha watoto wa tajiri mmoja karibu na The Hague, Uholanzi, alimkata haidra kwenye miaka ya 1740 ili ajue kama ni mmea au mnyama. Akaona kila kipande kinakuwa haidra kamili, na mwaka 1744 akachapisha habari hiyo. Dunia ya wasomi ilishangaa.

Kwako limeshindikana kwa sababu gani? Kwanza kabisa, umemkata akiwa na chakula tumboni, kikaoza ndani ya jeraha. Mshindishe njaa siku moja. Pili, wembe ulikuwa na mafuta ya kiwandani. Uchovye kwenye spiriti, uusuuze kwa maji ya haidra. Tatu, kipande ni kidogo mno, au ni mnyiri peke yake, na mnyiri uliokatwa haukui kuwa haidra. Nne, ni haraka tu. Kwenye nyuzi 20 kichwa kipya kinaonekana baada ya siku mbili au tatu. Kwa baridi ya Makambako ongeza siku, na usimlishe mpaka mdomo uonekane.

## "Ana uvimbe mwilini"

Tofautisha kwa macho. Uvimbe ulio chini ya katikati ya mwili, unaorefuka na kuotesha minyiri yake, ni mtoto. Haidra aliyeshiba huchipua, na mtoto hujikata mwenyewe baada ya siku chache. Pongezi.

Vinundu vyeupe vyenye ncha, vingi, upande wa juu ni korodani. Duara moja kubwa upande wa chini ni ovari. Hii hutokea hasa kwa haidra wa kahawia mwenye shina refu jembamba, *Hydra oligactis*, maji yakipoa kama ya Juni na Julai huku kwetu. Yai lenye gamba gumu huanguka na kungoja hali nzuri. Usishtuke mzazi akidhoofika baada ya hapo, spishi hiyo ndivyo ilivyo. Wenzake wa *Hydra vulgaris* ni habari nyingine. Daniel Martínez aliwafuatilia kwa miaka minne, akachapisha mwaka 1998 kwamba hakuona dalili za uzee.

Vidoa vinavyotembea juu ya mwili ni viumbe wa seli moja wanaoishi juu ya haidra. Wachache hawana neno. Wakijaa, msuuze haidra kwenye glasi tatu nne za maji safi, moja baada ya nyingine, kwa dropa.

Nyuzi nyeupe kama pamba ni ukungu, na ukungu hufuata kilichokwisha kufa. Rudi kwenye chakula kilichooza.

## "Haidra wangu wa kijani amepauka"

Kwanza hakikisha alikuwa wa kijani kweli. Haidra wa kahawia hubadilika rangi kwa alichokula. Wa kijani, *Hydra viridissima*, rangi yake si yake. Ni mwani mdogo aitwaye klorela, anaishi ndani ya seli za tabaka la ndani, anatengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji.

Kupauka kwake husababishwa zaidi na giza. Mtu kafunga chupa kabatini likizo nzima. Mrudishe kwenye mwanga wa dirisha, mlishe, rangi itarudi maadamu mwani haukwisha wote. Sababu nyingine ni jua kali la moja kwa moja, ambalo kwenye chupa ndogo hupandisha joto upesi kuliko unavyodhani. Mwanga ndiyo, jua la saa saba mchana hapana.

Nabaki hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kipengele ninachokipenda kuliko vyote. Ukimwonyesha mwanafunzi wa Iringa haidra wa kijani na mwenzake aliyepauka, umemwonyesha kinachotokea kwa matumbawe ya kisiwa cha Mafia bila kumpandisha basi. Tumbawe nalo ni mnyama-upupu, maelfu ya vinyama vyenye umbo kama la haidra vilivyojengeana nyumba ya chokaa. Ndani ya seli zao kuna mwani, si klorela bali wa aina nyingine, na mwani huo ndio unaowapa sehemu kubwa ya chakula. Maji yakipanda nyuzi moja au mbili tu juu ya kiwango chao cha kawaida cha kiangazi na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa, mwani unageuka mzigo, tumbawe linautoa, na chokaa nyeupe inaonekana kupitia mwili ulio angavu. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka hivyo, na mengi yakafa.

Tofauti iko kwenye akiba. Haidra aliyepauka unaweza kumlisha viroboto-maji akaishi miezi. Tumbawe lililopauka halijafa bado, lakini lina njaa, na hakuna anayeweza kulilisha bahari nzima. Joto likishuka mapema linapona, likichelewa mwani wa nje unaota juu ya mifupa. Huko hakuna chupa ya pili ya kulihamishia.

Anemoni wa baharini naye hupauka kwa njia hiyo hiyo, ila hana chokaa.

## "Vifaranga vya kambale vinapungua tangini"

Wafugaji hupenda nimlaumu haidra. Simlaumu kwanza. Vifaranga wa kambale hulana wenyewe, na wakipishana ukubwa tu wakubwa wanameza wadogo. Kwa hiyo chambua kwa ukubwa kwanza. Kisha angalia hewa: samaki wanaopanda juu kuvuta hewa alfajiri huenda wanakosa oksijeni. Kisha wadudu wa majini, hasa watoto wa kereng'ende, na vyura. Haidra ni wa nne kwenye orodha yangu, na ni hatari kwa vifaranga wa siku za mwanzo tu, wale wa milimita chache. Samaki wa ukubwa wa kidole hana habari naye.

Kumhakikisha: ning'iniza kipande cha kioo kwenye tangi jioni, kiangalie asubuhi kwa tochi na lenzi. Ukikuta vinyuzi vyenye minyiri kwa makumi, umempata. Anaingia na maji ya mfereji na majani, kwa hiyo funga chujio la kitambaa kwenye mdomo wa bomba. Tangi lisilo na samaki limwage, lisugue, liache jua lilikaushe siku kadhaa hadi nyufa zote ziwe kavu, kwani mayai yake ni magumu kuliko yeye. Tangi lenye vifaranga: wahamishe vifaranga, usihamishe maji.

Simama hapa. Usitie mrututu ndani ya tangi kwa ushauri wa jirani. Shaba itamuua haidra, ni kweli, lakini kipimo kinachomuua haidra na kile kinachoua kifaranga vinategemea maji yenyewe, na kwenye maji mepesi yasiyo na chokaa nyingi shaba inakuwa kali zaidi. Mwite afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya dawa yoyote.

Mwite pia ukiona vipele vyeupe kwenye matamvua. Huenda ni vimelea waitwao miksozoa. Wanasayansi waliwahesabu kwa muda mrefu kuwa viumbe wa seli moja, kumbe ni wanyama-upupu waliopoteza karibu kila kitu, mdomo, minyiri, hata neva, wakabakiwa na kile kimshale kilichokunjwa ndani ya kibonge. Wanakitumia kumshika samaki. Binamu wa yavuyavu ndani ya tamvua la perege wako! Hawa hawatibiki kwa kumwagia kitu bwawani.

## "Tumerudi safari ya pwani, mwanafunzi ana mistari inayowaka"

Haidra hawezi kukuwasha, mishale yake ni midogo mno kwa ngozi yetu. Ndugu zake wa baharini wanaweza, na watoto wa milimani hawajui. Wanaokota yavuyavu aliyekufa mchangani kwa sababu anang'aa. Mishale yake bado inafyatuka hata akiwa amekauka.

Akichomwa: mtoe majini, suuza kwa maji ya bahari, ondoa vipande vya minyiri kwa kibanio au ukiwa na glavu. Usisugue kwa mchanga wala taulo. Usimwagie maji ya bomba kwanza, kwa sababu maji yasiyo na chumvi hufyatua mishale iliyobaki. Mkojo ni hadithi ya vijiweni. Baada ya minyiri kuondoka, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto ambayo mkono mzima unayavumilia, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 20 au zaidi. Maumivu hupungua.

Mpeleke hospitali mara moja akishindwa kupumua vizuri, akitapika, kifua kikibana, uso ukivimba, akizimia, au kama amechomwa jichoni au eneo kubwa la mwili. Mtoto mdogo usimngojee dalili. Kuna yavuyavu wa umbo la sanduku ambao sumu yao haina mzaha.

Mistari iliyoanza kuwasha upya baada ya wiki, mkiwa mmesharudi Mbeya, mara nyingi ni mwili unaojibu sumu kwa kuchelewa. Zahanati itatoa dawa ya kupaka. Ikitoa usaha, asichelewe.

## "Wamezidi, naomba kumtumia mwenzangu wa Njombe"

Tatizo zuri. Usiwalishe siku moja kabla. Tumia chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ijaze nusu tu ili hewa ibaki, weka jani moja la kushika, funga kizibo, zungushia gazeti. Andika "viumbe hai" na namba ya anayepokea. Kwenye basi ikae chini ya kiti, kivulini. Mwombe kondakta asiiweke juu ya boneti karibu na dereva, palipo na joto la injini. Hapo nimewahi kupoteza haidra sitini kati ya Mbeya na Makambako, na kondakta alinikabidhi kwa mwenzangu chupa ya supu akiwa na uhakika ameitunza vizuri.